Hivi kusoma mwaka kwa Kiswahili kumewashinda nini?

Wakuu, nimetoka msibani na hasira zangu, mnivumilie.

Juzi tumemzika baba mkubwa kijijini. Wasifu wa marehemu akapewa binamu yangu mmoja asome, yule wa mjini, mwenye tai. "Marehemu alizaliwa naintini foti eiti. Akafunga ndoa naintini seventi thrii. Akaenda Vita vya Kagera naintini seventi naini." Pembeni yangu kakaa mzee aliyekuwa naye huko huko Uganda, bunduki begani. Akaniinamia: "Kasema mwaka gani?" Nikamwambia sabini na tisa, babu. "Sasa si aseme!"

Halafu, kufika miaka ya karibuni, binamu akakumbuka kwamba mbele yake wamekaa wanakijiji. Akajitahidi. Akaharibu zaidi. "Alilazwa ishirini ishirini na tatu." Mzee akanigeukia tena: "Kumbe alilazwa siku tatu tu?" Kaelewa tarehe 20 mpaka 23! Na simlaumu, maana kwa sikio la Mswahili hivyo ndivyo inavyoingia.

Hiyo "ishirini ishirini na tatu" inanikera kuliko Kiingereza chenyewe. Anayesema "twenti twenti thrii" angalau anajua ameacha Kiswahili. Huyu mwingine anadhani amekisema! Ni lini sisi tulihesabu mamia kwa makumi? Kitu cha shilingi 1,950 sokoni, yupo muuzaji atakayekwambia "kumi na tisa hamsini"? Utamshangaa. Atasema elfu moja mia tisa hamsini, au buku na mia tisa hamsini, basi. Sasa ikiwa mwaka ndiyo namba inageuka? 1964 ni elfu moja mia tisa sitini na nne. 2023 ni elfu mbili ishirini na tatu. (Nyie wa "elfu mbili NA ishirini na tatu" sina ugomvi nanyi, kwa leo.)

Najua mtakuja na "ndefu sana mkuu". Ni ndefu, sikatai, 1961 peke yake ina silabi kumi na nne, nimehesabu kwa vidole. Lakini nani kawalazimisha muimalize yote? Wazee walishaikata zamani na hawakuomba msaada London. Azimio la Arusha, sitini na saba. MV Bukoba ilizama tisini na sita. Elnino ya tisini na saba. Na mabingwa wa jambo hili ni watu wa mpira, kaa nao kijiweni uone: Simba ya sabini na nne, Taifa Stars ya Lagos themanini, fainali ya Simba ya tisini na tatu na wale Stella wa Abidjan. Hakuna anayeuliza karne gani. Ukivuka 2000 ndipo hapakatiki vizuri, Simba iliyomtoa Zamalek wa Misri huwezi kuiita "Simba ya tatu", lakini "elfu mbili na tatu" nayo inamchosha nani?

Penye tatizo la kweli hapazungumzwi. Sitini na tisini! Ukiwa kwenye kelele au simu inakatakata, hayo mawili ni pacha. Mama yangu kazaliwa 1961. Mwaka jana nikamtajia karani wa ofisi moja kwa simu, "sitini na moja", akaitikia vizuri kabisa, fomu ikarudi imeandikwa 1991. Mimi nimezaliwa 1986. Yaani nimemtangulia mama yangu duniani kwa miaka mitano, na kuirekebisha nimepanda daladala mara tatu. Siku hizi nataja tarakimu moja moja kama namba ya simu: moja, tisa, sita, moja. Hapo hata ukinichanganyia Kiingereza nitakusamehe, ilimradi mama arudishiwe umri wake.

Ila kwenye wasifu wa marehemu, mbele ya wazee waliokula naye hiyo miaka, hapana. Hapana kabisa.

Kuanua matanga ni wiki ijayo. Ile karatasi nimeshamnyang'anya binamu, ninayo mimi.