Mjadala: Nyimbo za wanawake kwenye Mwaka Kogwa zisafishwe, au ziachiwe uwanja wake?

Mtoa mada

Assalaam alaykum jamani. Julai ikikaribia, maneno huanza upya, nami naomba safari hii tuyazungumze mpaka mwisho. Nyimbo wanazoimba wanawake uwanjani siku ya Mwaka Kogwa, kule Makunduchi, zisafishwe na kupandishwa jukwaani kama vikundi vingine vya utamaduni? Au ziachwe palepale uwanjani, na maneno yake yote?

Kwa ambao hawajafika, nieleze kidogo. Mwaka Kogwa ni siku ya kuupokea mwaka mpya wa jua wa wazee wetu. Mwaka huo una siku 365: miongo 36 ya siku kumikumi, na tano za kuufunga. Asili yake inahusishwa na Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi. Kwa kuwa hauna siku ya ziada ya mwaka mrefu, unarudi nyuma siku moja kwenye kalenda ya kawaida kila baada ya miaka minne hivi. Wakulima na wavuvi wa Kusini Unguja waliutegemea kujua lini kupanda na lini bahari itageuka. Siku yenyewe, wanaume wa kaskazini na wa kusini ya mji huingia uwanjani na kupigana kwa migomba, aliyeweka kinyongo akitoe. Kisha kibanda cha makuti kinatiwa moto na watu wanatazama moshi unaelekea wapi. Halafu kila nyumba inapika, na mgeni hafukuzwi, kwani nyumba isiyo na mgeni siku ile inajiona imepungukiwa.

Migomba na moto vimeandikwa sana. Nyimbo hupewa nusu ya sentensi: "wanawake huimba nyimbo za furaha na mapenzi." Si uongo, lakini si kweli yote. Wanawake wanazunguka uwanja kwa makundi, nguo mpya, mmoja anatoa na wenzake wanapokea. Yamo mapenzi, imo shida ya maisha, imo kejeli kwa wanaume. Na yamo matusi, tena ya wazi, viungo vya mwili vinatajwa kwa majina yake. Hapo ndipo watu wanapogawanyika.

Mimi nasema zisisafishwe, wala zisipandishwe jukwaani.

Siku ile imepangwa kwa haki. Mwanamume anaruhusiwa mkono: anampiga jirani yake mbele ya watu na hakuna anayepelekwa kwa sheha. Mwanamke anaruhusiwa ulimi: anasema mbele ya wanaume wa mji mzima maneno ambayo mwaka mzima ameyameza. Jua likizama, vyote viwili vimekwisha na hakuna wa kudaiwa. Sasa, mbona hakuna anayetaka kuisafisha migomba? Tukimwachia mwanamume kipigo chake na kumziba mwanamke mdomo, tumeivunja siku kwa upande mmoja tu.

Lakini hofu yangu kubwa haiko kwa wanaokataza. Iko kwenye spika. Mwaka mmoja nilisimama karibu na kundi la akina mama kama ishirini hivi. Aliyekuwa anatoa ni mama mtu mzima, sauti kavu isiyo na madoido, kiganja kifuani. Anatupa mstari, anakaa kimya kidogo, pokeo linatoka nyuma yake zito, miguu yote chini kwa pamoja. Mara jenereta likawaka upande wa turubai la wageni, mtu akaanza "moja, mbili, moja, mbili," kisha bongofleva. Wa nyuma hawakusikia tena mstari. Pokeo likachelewa, likagongana na mstari uliofuata. Yule mama alijaribu tena, akapandisha sauti mpaka ikakatika. Akajifuta uso kwa pembe ya kanga, akanyamaza, na kundi zima likabaki linatembea tu kama watazamaji. Hakuna sheria iliyowanyamazisha, wala sheikh, wala serikali. Wimbo wa kupokezana unaishi kwa kusikizana, na tumewaondolea hilo kwa waya mmoja.

Pendekezo langu: tangu wanaume wanapoingia uwanjani mpaka moto wa kibanda uzime, spika zote zizimwe, pamoja na za viongozi. Hotuba zifuate baadaye. Usiku ufukweni, kila mtu apige anachotaka mpaka alfajiri.

Mchangiaji, Fuoni

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Umeandika vizuri, lakini mimi siwezi kukubaliana nawe. Tusi ni tusi, na dini haina saa ya mapumziko. Mimi si katika wanaosema Mwaka wote ufutwe. Kupatana, kulisha wageni na kusameheana ni mambo mema. Ila mama mwenye wajukuu kutamka yale mbele ya watoto wadogo, hilo siwezi kulihalalisha kwa jina la mila.

Na kuna jambo umeliruka. Zamani neno lilisemwa uwanjani likafia uwanjani. Leo kabla ya alasiri limo kwenye simu ya mtu Dubai na Muscat, uso wa mwimbaji unaonekana wazi, na linabaki. Unasema jua likizama hakuna wa kudaiwa. Kwa zama hizi, anadaiwa maisha yake yote.

Mchangiaji, Paje

Mimi natembeza wageni, kwa hiyo nasema nilichokiona. Mgeni akiuliza wanaimba nini, tunamwambia "furaha na mapenzi," maana ndivyo tulivyofundishwa kusema. Akina mama wanapigwa picha siku nzima, wanarudi nyumbani mikono mitupu. Anayecheza ngoma hotelini analipwa. Kukiwa na jukwaa, ratiba na nyimbo zilizochaguliwa, hawa nao watalipwa. Ndugu mtoa mada, heshima bila riziki unawapa maneno tu.

Mchangiaji, Mombasa

Niwaambie kutoka upande huu. Siku ya Mwaka ilikuwa ya pwani nzima, si ya Makunduchi peke yao. Kwetu, tunachokijua watu wa rika langu ni ng'ombe kuzungushwa mji, dua kusomwa, sadaka kuliwa. Ni jambo zuri na linatuunganisha. Lakini mwulize kijana wa Mji wa Kale akuimbie kitu cha siku hiyo, atakuangalia tu. Nyinyi bado mnao wanaoimba. Msibishane mpaka wakaisha.

Mchangiaji, Makunduchi

Wanangu, salaam. Mwatusema kana kwamba hatupo.

Nyimbo hizo naimba mimi, na mama yangu aliimba. Hazina daftari. Nyengine ni za zamani, nyengine twazitunga mwaka uleule kwa lililotokea: mume aliyehamia mjini akasahau njia ya kurudi, mwenye duka aliyepandisha bei, kijana aliyeposa akakimbia. Mwenyewe akisikia anajijua, na hatutaji jina. Wapo waliorudi kwa wake zao kwa nyimbo moja tu.

Haya matusi mnayoyashika, sisi tuna mipaka yetu. Mbele ya baba wa mtu hazitolewi baadhi yake. Hilo twafundishana wenyewe, hatukungojea mtu wa Fuoni. Lakini kwa simu ana haki. Shoga yangu, sauti yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, ameacha kuimba. Mwanawe alimpigia kutoka ng'ambo, analia, kaiona video yake na maneno ya watu chini yake. Tangu hapo huja uwanjani akapiga makofi tu.

Na jengine. Wajukuu zetu wanaosoma mjini hawakisikii vizuri Kikae, lahaja yetu ya Makunduchi. Twaimba, wao wacheka pahala si pake. Hilo laniuma kuliko hayo matusi yenu.

Mtoa mada

Bi mkubwa, shikamoo, na ahsante sana. Ulivyosema vimenipa mengi kuliko yote niliyowahi kusoma kuhusu siku hii.

Ndugu yangu wa Fuoni, kwenye dini hatutakutana leo, na naheshimu msimamo wako. Kwenye simu uko sawa kabisa, na umesikia mwenyewe nani amekuunga mkono. Basi tuungane kwenye hilo: wakati wa nyimbo, pasiwe na kupiga picha za video za waimbaji bila wao kuruhusu. Iandikwe kwenye kibao mlangoni, na itangazwe kwa waandishi na kwa wenye makampuni ya utalii kabla hawajaleta mtu. Unyago una siri zake na watu wanazitunza mpaka leo. Sioni kwa nini huu uwanja ushindwe kuwa na adabu yake.

Kaka wa Paje, kuhusu riziki nakubali, na si jambo dogo. Ila jukwaa na ratiba havilipi wimbo huu. Vinalipa wimbo mwingine utakaotungwa ili mgeni aufurahie. Mwenye duka aliyepandisha bei hatasikika humo, wala mume aliyesahau njia. Akina mama walipwe kutokana na viingilio vya wageni siku ileile, kwa kuwa wao ndio siku yenyewe, wala wasilipwe kwa masharti ya nini cha kuimba. Nyinyi mnaoleta mabasi mnaweza kuanza hilo mwaka huu bila kungoja mtu. Na mgeni akiuliza wanaimba nini, mwambie ukweli: wanawake wanawasema wanaume wao, na leo wana ruhusa. Mgeni mwenye akili ataelewa kuliko hayo ya furaha na mapenzi.

Kuhusu wajukuu na Kikae, hapa kuna kazi ya kufanya. BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, walishatoa kamusi ya lahaja ya Kimakunduchi, na ni kazi ya kushukuriwa sana. Lakini kamusi inahifadhi neno likiwa peke yake. Jinsi linavyotupwa, nani analipokea, kwa nini lile lilitamkwa mwaka wa ukame, hayo yamo kwa akina mama wachache ambao wengine wao wana umri mkubwa. Nataka zirekodiwe, tena haraka, lakini na wao wenyewe: binti wa hapohapo ashike kinasa sauti, nyumbani, bila kamera, mwimbaji aeleze wimbo ulimhusu nani na ulifanya nini. Nakala iwekwe Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na anayeimba aseme nani asikie na lini. Akisema mpaka miaka 30 baada ya kufa kwake, iwe hivyo. Akisema wanawake tu, iwe hivyo.

Kuna atakayeuliza kwa nini nirekodi kitu ninachotaka kibaki uwanjani. Kwa sababu mchangiaji wa Mombasa ameshatuambia kinachotokea. Rekodi haitaziokoa nyimbo peke yake, lakini binti akisikia sauti ya bibi yake akaelewa maneno, Julai anaweza kusimama nyuma yake na kupokea pahala pake.

Wale mlio kwenye kamati ya maandalizi, najua baadhi yenu mnasoma hapa. Tunaomba majibu mapema, kabla turubai halijafungwa: spika zitazimwa kuanzia saa ngapi, nani atasimamia simu, na ni yupi kati ya waimbaji mliyekwenda kumwuliza?