Soya mstari kwa mstari niache sentimita ngapi? Naombeni ushauri wadau

Chipukizi wa Ruvuma
Habari zenu wakuu. Nina heka mbili huku Namtumbo, msimu huu nataka niweke soya, mbegu nimepata Uyole Soya 1. Sasa kila ninayemuuliza ananipa namba yake, mzee wangu anasema 60 ili jembe lipite vizuri, jirani anasema 40, bwana shamba kasema 50. Dawa ya magugu sitatumia, napalilia kwa mkono, na vibarua January huku ni shida kila mtu yuko kwenye mahindi yake. Nisaidieni mbegu ni ghali jamani.

Mkulima Kwanza
Bwana shamba yuko sahihi mkuu. Weka 50 mstari kwa mstari, shimo kwa shimo 10, mbegu mbili mbili. Piga hesabu, heka moja inakupa mashimo kama elfu 80 yaani mbegu laki moja na elfu 60, kwa punje za kawaida hizo ni kilo 24 hivi. Ukienda 40 kwa mtindo huohuo unagonga kilo 30, kwa heka mbili hiyo tofauti unaiona mfukoni.

Mama Shamba
Mimi 60 siikubali kabisa kwa soya, mwambie mzee kwa heshima zote. Soya sio mahindi, ukiiacha wazi vile jua linapiga chini na magugu yanashukuru, utapalilia mpaka uchoke. Ikifunga mapema majani yanakutana juu kivuli chenyewe kinakufanyia kazi, palizi ya kwanza ifanye mapema wiki ya pili au ya tatu, ya pili inakuwa nyepesi. Kwa mtu asiye na vibarua hapo ndipo pa kuangalia kuliko hata bei ya mbegu. Mimi ningeenda 45.

Bonde la Juu
Naongezea kwa Mama Shamba, kubanana nako kuna mwisho wake. Sehemu zenye unyevu mwingi hewa isipopita katikati ugonjwa wa kutu unashika majani haraka, chini ya 40 kwa huku kwetu kusini sishauri.

Chipukizi wa Ruvuma
Asanteni sana. Je mvua ikichelewa nikapanda katikati ya January nibaki na 45 au?

Mama Shamba
Hapo shuka mpaka 40 mwanangu. Soya ikichelewa kupandwa inabaki fupi, matawi machache, inatoa maua kabla haijajaza nafasi, kwa hiyo lazima miche iwe karibu karibu. Ila kabla hujapima kamba chukua punje 100 uzifunge kwenye kitambaa kibichi, baada ya siku tano sita hesabu zilizoota, soya iliyokaa stoo inapoteza nguvu haraka mno kuliko mahindi. Zikiota 80 na zaidi panda kawaida, zikiwa pungufu ongeza mbegu kwenye shimo, zikiwa chini ya nusu usijisumbue tafuta nyingine. Na usifukie zaidi ya sentimita 4, udongo ukiganda juu baada ya mvua kubwa soya inavunjika shingo ikijaribu kutoka.

Mkulima Kwanza
Na kama shamba halijawahi kulimwa soya, tafuta ule unga wa bakteria wa soya (wanaosaidia mizizi kupata naitrojeni ya hewani), sio wa maharage, paka mbegu kivulini panda siku hiyohiyo, usianike juani wanakufa.