Naomba ushauri: kesi ya simu imegeuka wizi wa mabavu

Hamjambo ndugu zangu. Mtoto wa dada yangu alishikwa hapa Malindi, ufuoni, yeye na mwenzake, kwa simu moja yenye kioo kilichopasuka. Mwenye simu anasema alisukumwa. Mimi nilijua ni wizi tu, kifungo kisichozidi miaka 3. Kumbe hati ya mashtaka imeandikwa wizi wa mabavu, kifungu cha 296(2), kwa kuwa walikuwa wawili! Adhabu yake ni kifo, na bado inasikizwa na hakimu, si Mahakama Kuu kama mauaji. Amekana. Dhamana kapewa, lakini hati ya shamba sisi wavuvi tuitoe wapi? Aliyewahi kujadiliana na upande wa mashtaka shtaka likapunguzwa, alianzia wapi? Kesi itatajwa Jumatatu.