Kurudisha uwezo wa kuzuia haja baada ya kuondolewa utumbo mpana

Swali
Mwaka jana niliondolewa utumbo mpana kwa sababu ya kolaitisi ya vidonda (uvimbe na vidonda vya muda mrefu katika utumbo mpana), na tangu hapo kinyesi hutoka kwenye tundu la tumboni na kuingia katika mfuko wa nje. Puru yangu, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo kabla ya mkundu, bado ipo. Ni upasuaji gani unaoweza kunirudishia uwezo wa kuzuia haja, na maisha baada yake huwaje?

Jibu la kwanza
Pole kwa uliyopitia. Unaofanywa zaidi ni ule ambao puru huondolewa, kisha mwisho wa utumbo mwembamba hukunjwa na kushonwa uwe kifuko chenye umbo la herufi J, kikaunganishwa na njia ya haja kubwa. Wapasuaji wa Uingereza, Parks na Nicholls, walieleza kifuko chenye umbo la S mwaka 1978, na mpasuaji wa Japani, Utsunomiya, akaleta hiki cha J mwaka 1980. Mimi ninacho kwa miaka sita sasa: naenda haja mara sita mchana na mara moja usiku, na kinyesi ni laini daima, kwa kuwa utumbo mpana uliokuwa ukifyonza maji haupo tena. Kifuko kimewahi kuvimba mara mbili, nikatibiwa kwa antibiotiki.

Jibu la pili
Naomba niongeze jambo ambalo mimi sikuelezwa mapema. Kifuko cha J huhifadhi kinyesi tu; kinachokizuia ni misuli ya mkundu, kwa hiyo omba nguvu yake ipimwe kabla ya kuamua. Yangu iliumia wakati wa kujifungua, nikachagua kifuko cha Kock, alichokibuni mpasuaji Nils Kock wa Sweden mwaka 1969. Hiki hukaa ndani ya tumbo, kina vali (kizuizi cha kinyesi) iliyotengenezwa kwa utumbo wenyewe, nami hukimwaga kwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa kwenye tundu la tumboni, mara kadhaa kwa siku bila kuvaa mfuko wa nje. Vali huweza kuteleza, na yangu iliteleza, nikalazimika kufanyiwa upasuaji tena.

Jibu la tatu
Hakikisha pia kwamba ugonjwa wako si wa Crohn, uvimbe wa muda mrefu unaoweza kushika hata utumbo mwembamba, kwani ukijitokeza ndani ya kifuko unaweza kukiharibu kabisa. Ikiwa wewe ni mwanamke unayetaka watoto, mwulize daktari kuhusu uzazi, maana upasuaji ndani ya nyonga unaweza kuupunguza.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Sikujua kuhusu kipimo cha misuli. Nitakiomba kabla ya puru kuguswa.