Gereji za Arusha: tunawaletea Land Rover 109 mtutengenezee breki, mnatupulizia rangi na kubandika snokeli ya urembo!

Wakuu, leo mniache nimalize ndipo mjibu. Na wale wa "ungenunua IST mkuu" piteni tu nyuzi nyingine, huu hauwahusu.

Nina pikapu ya Land Rover 109, Series III. Kwa wasiozijua, Series III zilitoka kiwandani kati ya 1971 na 1985, na hiyo 109 ni inchi kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Yangu ilikuwa ya shamba la kahawa huku Usa River, imebeba magunia umri wake wote. Niliinunua niitumie. Narudia: niitumie! Asubuhi watoto shule, mimi kazini mjini, Jumamosi ndizi na majani ya ng'ombe kutoka Tengeru, na masika yakichanganya nipande kwa mama mkwe, njia ambayo Noah inasalimu amri kwenye tope la kwanza. Sikuwa na shida na gari la kupigia picha.

Nikaipeleka gereji moja hapa mjini. Jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Nikawaandikia karatasi, kwa mkono wangu, kwa Kiswahili cha kueleweka: breki, chasisi, waya, injini isichemshe, mikanda ya usalama, siti. Rangi niliiweka mwisho kabisa, na pembeni nikaandika "ikibaki hela".

Sasa mnadhani walianza na nini?

Gari nimekabidhiwa imepigwa kijani cha jeshi kisichong'aa, rimu nyeusi, taa ya LED upana wa paa zima, bampa la chuma la kubomolea ukuta, tairi pana za matope za inchi 35 na snokeli, lile bomba la kuipa injini hewa kutoka juu ukivuka maji. Vijana wa gereji wameizunguka wanapiga picha. Fundi mkuu ananiambia, "Bosi, hii sasa ni mashine." Nikaingia, nikawasha, nikatoka getini. Kuanzia hapo ni vilio.

Nianze na snokeli maana ndiyo inayoniudhi kijinga. Nimefungua boneti nione bomba linavyoingia kwenye ea klina. Bomba hakuna. Snokeli imefungwa kwa skrubu juu ya bodi, na nyuma yake hakuna hata tundu! Injini inavuta hewa palepale pa zamani, chini, karibu na maji. Nikampigia fundi. Jibu: "Bosi, hiyo ni ya muonekano, wateja wengi hawavuki mito." Yaani mtu angeniona navuka korongo kwa kujiamini na injini ikanywa maji, kumbe nilikuwa na pambo.

Breki. Hapa naomba utulivu.

109 ina breki za ngoma magurudumu yote manne, ngoma za inchi 11. Mbele kila gurudumu lina silinda mbili, nyuma moja moja, kwa hiyo silinda sita gari zima. Watu wanazisema vibaya breki hizi, lakini zikisetiwa zinasimamisha gari na mzigo wake. Unanyanyua gurudumu, unakaza ajasta hadi shuu (kile kipande kinachobana ngoma kwa ndani) iguse ngoma, unalegeza kidogo hadi gurudumu lizunguke huru, unahamia lingine. Kazi ya spana na jeki. Ukitaka zaidi unafunga seva ya kusaidia mguu na masta (silinda kuu ya breki) ya njia mbili, ili mbele ikivuja nyuma ibaki. Hayo yote niliyaomba na advansi yake nilitoa.

Nikiwa nateremka kuja Tengeru, nakanyaga breki, gari inakatika kwenda kushoto, moja kwa moja kwenye kijiwe cha bodaboda. Mungu ni mwema, vijana waliruka. Nikapaki, nikashika ngoma ya kushoto, inaunguza. Nikafungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki. Mafuta mekundu! Mekundu, wakuu! Wametia mafuta ya giaboksi ya otomatiki kwenye mfumo wa breki.

Kwa asiyeelewa ubaya wake: mipira ya ndani ya silinda na masta imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4. Ukiitia mafuta yanayotokana na petroli inavimba. Ikivimba, pistoni haitaki kurudi, breki inabaki imekamata, ngoma inapata moto, na mwisho wa siku pedeli inazama hadi chini. Na hakuna kusema unayamwaga unatia mengine. Mipira yote silinda sita, masta, hozi zote, vyote vinatupwa, mabomba yanasafishwa. Fundi kaokoa bei ya chupa moja ya DOT 4, mimi nanunua mfumo mzima upya. Na seva? Hakuna seva. Hela ya seva ndiyo ile LED ya juu ya paa.

Halafu hizo tairi za inchi 35. Gari imeundwa kwa tairi ndogo kuliko hizo, za 7.50-16. Tairi ikizidi kimo, breki ileile inakuwa na kazi kubwa zaidi kuisimamisha, hilo halihitaji shahada. Na gari haina pawa stelingi. Kukata kona Kilombero siku ya soko nasimama kwenye usukani, na nikiukata mwisho tairi inasugua springi. Niliomba tairi? Sikuomba tairi.

Chasisi nitasema kwa kifupi kwa sababu nikirefusha nitatukana. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu tangu ile ya kwanza ya 1948, kwa sababu baada ya vita chuma Uingereza kilikuwa cha mgao. Lakini chasisi ni chuma, tena boksi lililo wazi ndani, na linaoza kuanzia ndani kuja nje. Dawa yake inajulikana: unakata palipooza mpaka ufikie chuma kizima, unachomelea bati jipya la unene uleule, unapulizia nta au mafuta mazito ndani ya boksi. Wao wamebandika kiraka juu ya kutu, wakapiga puti, wakapaka lami nyeusi. Nimegusa na bisibisi karibu na shikio la springi ya nyuma, imezama hadi mpini. Ni kumpaka poda mgonjwa wa nimonia. Na penye tundu kwenye bodi wamepiga ribiti bati la chuma juu ya aluminiamu bila hata kuweka mpira katikati. Unyevu ukiingia kati ya metali hizo mbili aluminiamu inaliwa, inakuwa unga mweupe. Masika mawili matatu hiyo rangi ya jeshi itaanza kuota vipele, na mafundi walewale wataniambia "Landrova ndivyo zilivyo".

Sasa difu. Jamani difu!

109 inatoka kiwandani na difu za 4.7, mbele na nyuma, yaani propela inazunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ni nzito, inavuta mlima vizuri, ila kwenye lami haikimbii. Fundi akaona anifurahishe, akafunga nyuma meno ya 3.54 kama ya One Ten, Land Rover iliyokuja baada ya Series. Mbele kaacha 4.7. Hakuniambia. Kwenye lami huoni kitu, maana Series ikiwa kwenye mbili inasukumwa na nyuma tu. Inakimbia vizuri kweli, nikawa namsifia! Nimefika kwa mama mkwe mvua inanyesha, nikavuta liva nyekundu niingize nne nzito, yaani magurudumu yote manne kwa gia nzito. Hapo propela mbili zinazunguka mwendo mmoja, lakini magurudumu ya mbele yanataka kwenda kama robo tatu tu ya mwendo wa nyuma. Kwenye tope tupu yaliteleza, gari ikawa inanguruma na kugoma lakini inasogea. Nilipokanyaga murram ngumu, kishindo. Hafu shafti ya mbele, kile chuma kinachotoka kwenye difu kuzungusha gurudumu, imekatika. Gari ya nne kwa nne imevutwa na trekta la jirani, mbele ya mashemeji.

Huyu mtu anaitwa fundi. Ana wanafunzi anaowafundisha.

Injini nayo. Walisema ile ya zamani ya lita 2.25 "imechoka", wakashauri 3L ya Toyota, ile dizeli ya 2.8 ya kwenye Hiace na Hilux. Sina ugomvi na wazo hilo. Spea zake zipo kila duka, mafundi wanaijua, na kwa gari ya kila siku ni akili. Ugomvi wangu ni kwamba wameifunga bila thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto. "Hii ni nchi ya joto, thamostati ni ya Wazungu." Arusha! Mji ulio mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, Julai asubuhi unavaa koti na soksi mbili! Dizeli isiyopata joto lake inakula mafuta, inatoa moshi na inachakaa mapema. Na pamoja na hayo bado inachemsha kwenye foleni ya Sakina, kwa sababu wametoa kava ya feni ili injini ienee, sasa feni inapuliza kila mahali isipokuwa kwenye rejeta. Gari moja, asubuhi haipati joto, mchana inachemka. Hicho ni kipaji.

Tena namba ya injini imo kwenye kadi ya gari. Injini imebadilishwa, rangi imebadilishwa, kadi inasema vingine kabisa. Nimeomba karatasi za hiyo 3L niende nazo TRA nirekebishe kadi. Hakuna karatasi. Imetoka wapi? "Kwa jamaa." Jamaa yupi? Kimya. Na injini yangu ya zamani iko wapi? Eti iliuzwa skrepa. Nani aliwatuma? Ile ilikuwa mali yangu, hata kama imechoka, na kuna watu wanaitafuta.

Waya sitaki hata kuanza. LED ya paa zima imeunganishwa moja kwa moja kwenye swichi, bila rilei, bila fyuzi, viungo vimefungwa selotepu. Nimeikata mwenyewe kabla haijaniunguzia gari.

Sasa msiniambie "mafundi wetu hawana elimu". Hapo ndipo nakasirika zaidi. Huu ndio mji ambao mafundi wanakata Land Cruiser katikati, wanairefusha chasisi, wanaongeza mlango, wanaweka paa la kunyanyuka, na gari inapelekwa Serengeti na wageni saba ndani na inarudi. Hapa kuna Chuo cha Ufundi tangu 1978. Ujuzi upo! Mafundi wanaojua kuchomelea chasisi ipasavyo wapo palepale Unga Limited, nawajua kwa sura. Kinachotokea ni kwamba kazi ya kampuni ya utalii inapewa fundi mwenyewe, kwa sababu gari ikiharibika porini kampuni itarudi na mwanasheria. Kazi yangu mimi na yako anapewa dogo wa juzi, na rangi juu ili tusiulize.

Na tangu lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 hali imekuwa mbaya zaidi. Tamasha lenyewe nililipenda, msinielewe vibaya, nilisimama barabarani napiga makofi kama mtoto. Ila baada ya pale kila mwenye kompresa ya rangi amejiita mtaalamu wa Landrova. Gari zinatengenezwa ziende kwenye msafara siku moja na kurudi chini ya mti. Sisi tunaozitumia kubebea ndizi tumekuwa wasumbufu.

Najua watakuja wa "ungekaa pale gereji usimamie". Nina kazi. Ukipeleka suti kwa fundi cherehani huwa unalala pale? Nilikuwa napita, na kila nikipita naoneshwa rangi. Chini ya gari kulikuwa na "subiri bosi, bado tunafunga". Na watakuja wa "bei rahisi ghali". Haikuwa rahisi. Milioni 12 na ushee imeondoka, risiti ya EFD nimepewa moja tu, ya rangi.

Ninachotaka kwa gereji hiyo: mfumo wa breki wote urudishwe mpya kwa gharama yenu, difu ya nyuma irudi 4.7 ilivyokuwa, hafu shafti mlipe, na mniletee karatasi ya mauziano ya hiyo 3L yenye namba yake na jina la aliyeiuza. Snokeli, bampa na LED njooni mchukue, vimefungwa kwenye kiroba stoo. Tairi pia. Msipofika, mzee wangu mmoja anayeijua Mahakama ya Mwanzo ameshaniandalia maelezo, na ile karatasi ya mwandiko wangu, yenye saini ya fundi mkuu chini yake, ninayo.

Kwenu wadau: naomba fundi Arusha au Moshi anayefanya breki za ngoma na chasisi za Series. Mtajeni hapahapa hadharani pamoja na gari aliyowatengenezea, imetembea muda gani na imebeba nini. Picha ya rangi sihitaji. Seti ya mipira ya silinda za breki za 109 nimeambiwa inapatikana Kirinyaga Road, Nairobi. Kama kuna mwenye duka huku Kaskazini anayo orijino aniambie bei kabla sijavuka Namanga.

NYONGEZA: Mnaonifuata PM mkiuliza kama naiuza, siuzi. Na aliyeuliza kama naweza kumuuzia snokeli peke yake, mkuu, soma tena pale juu.