Mjadala: Wahabeshi wanaopita kwetu kwenda Sauzi, tuendelee kuwafunga?

Wakuu, habari yenyewe mmeshaizoea. Lori limesimamishwa Moshi, Iringa au Mbeya, chini ya magunia wametolewa vijana wa Kihabeshi, wamekalishwa chini wakapigwa picha. Baada ya hapo ni mahakamani: mkalimani anatafsiri shtaka, wanakiri, faini au jela. Kijana hana hata mia mfukoni, faini ataitoa wapi?

Mimi nasema tuache kuwafunga, na sisemi kwa huruma tu.

Tazameni njia yao. Wengi wanatoka kusini mwa Ethiopia, Hadiya na Kembata, wanawafuata ndugu zao wenye maduka Afrika Kusini. Kenya Mhabeshi haombi viza, kwa hiyo akigongewa muhuri Moyale, mpakani mwa Ethiopia na Kenya, anafika Nairobi kihalali kabisa. Kosa linaanza anapovushwa kwa bodaboda njia za panya za Holili au Tarakea. Sasa sisi na Kenya tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki, Ethiopia haimo. Kenya na Ethiopia wako IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, sisi hatumo. Malawi, wanakopitia wakitoka kwetu, tuko nao SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, hao wengine wawili hawamo. Mawakala wanaowasafirisha wana mtandao mmoja kutoka Hosaena, mji wa huko Hadiya, hadi Johannesburg, serikali zina vikao vitatu visivyokutana.

Wakuu wa polisi angalau wana EAPCCO, umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, na humo Ethiopia, Kenya na Tanzania zote ni wanachama. Pa kuanzia ni hapo: simu iliyopokea hela Nairobi ni ya nani, nyumba walikofichwa ni ya nani, lori ni la nani. Sisi tukishamkamata dereva na utingo tunaona kazi imeisha.

Na hawa jamaa wa mtandao si watu wa mchezo. Juni 2012, Chitego, wilaya ya Kongwa, zaidi ya 40 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori. Dereva akabwaga maiti na wazima porini akaondoka zake. Machi 2020 wakafa 64 ndani ya kontena Tete, Msumbiji. Oktoba 2022 likafukuliwa kaburi la pamoja la watu waliodhaniwa kuwa Wahabeshi, Mzimba, Malawi.

Wapo watakaoniambia usalama kwanza, huwezi kujua nani kajichanganya humo. Hoja hiyo siidharau. Baada ya shambulio la magaidi waliovuka kutoka Msumbiji hadi Kitaya, Mtwara, mwaka 2020, mtu wa kusini hawezi kuidharau. Lakini kumjua mtu ni kuchukua alama za vidole na kuzilinganisha na za Addis Ababa na Nairobi, kazi ya siku chache ikiwa kuna makubaliano. Kumlisha gerezani miaka miwili hakukwambii yeye ni nani.

Kisha tunawaachia tu. Januari 2021, Rais wa Ethiopia, Sahle-Work Zewde, alipokuja Chato, Magufuli alitangaza msamaha kwa Wahabeshi zaidi ya 1,700 waliokuwa magerezani kwetu. Wote hao tuliwalisha kwa kodi zetu, na malori hayajaacha kukamatwa.

Kwa hiyo mnaotaka waendelee kufungwa, nijibuni hili moja: tangu Kongwa 2012, ni mwenye mtandao gani mkubwa, achilia mbali madereva, mliyemsikia amefungwa kwa ushahidi uliotoka Nairobi au Addis? Mkimtaja, nafuta hoja yangu.