Mbwa wangu kanuna wiki ya pili sasa, na juzi kamngurumia mwanangu. Nifanyeje?

Baba Wawili: Habari zenu wakuu. Nina mbwa jike, Kipusa, miaka saba. Zamani ukitikisa funguo tu yuko mlangoni, mkia unachapa ukuta. Siku hizi ananyanyua kichwa, ananitazama, anakilaza tena. Anakula, ila kwa kuchaguachagua. Juzi mwanangu wa miaka sita alimkumbatia shingoni, akamngurumia. Nilimfokea nikamfungia nje. Tangu hapo hata mimi ananikwepa. Hatujahama, hakuna mgeni. Mke wangu anasema ni uzee tu.

Chui Mweupe: Huyo kakuchoka, mkuu 😂

Bibi Shamba: Miaka saba uzee gani huo? Baba, kosa la kwanza ni kumfokea. Kunguruma ndiyo njia yake ya kusema "niache". Ukimzoesha kwamba akinguruma anapigwa, siku nyingine atang'ata bila kuonya. Mtoto asimguse kwa sasa, na wasiachwe peke yao.

Mfuga Kimya: Naungana na Bibi. Mbwa akibadilika ghafla, mimi nawaza maumivu kabla ya tabia. Wangu alikuwa mkali wiki nzima, kumbe sikio lilikuwa linatunga usaha. Mkague akiwa ametulia: masikio (harufu, uchafu), kucha, kupe, anavyoinuka baada ya kulala. Ufizi uwe wa waridi. Ukiubonyeza unakuwa mweupe, rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Ukiwa umepauka wenyewe, usisubiri kesho. Ila akikataa kuguswa mahali, hapohapo acha, jibu umeshapata.

Halafu hiyo "kuchaguachagua" ikoje? Anaacha nini?

Baba Wawili: Anaacha vigumu. Vilaini anamaliza. Sasa umenifanya nikumbuke, anatafunia upande mmoja, kichwa kakiinamisha.

Mfuga Kimya: Basi anza na mdomo.

Chui Mweupe: Mpe nusu ya panadoli apoe kwanza.

Bibi Shamba: HAPANA! Dawa zetu za maumivu usimpe bila daktari wa mifugo kusema. Panadoli inaharibu ini la mbwa, na ibuprofeni inaweza kumtoboa tumbo na kuua figo. Chui, utani una mahali pake.

Baba Wawili: Mrejesho, wakuu. Jana nilikaa naye sakafuni, sikumlazimisha. Akaja mwenyewe, akaweka kidevu gotini. Nikainua mdomo wa juu kwa kidole, upande wa kushoto: lile jino kubwa la nyuma lina ufa, kipande kimebanduka, na ufizi umevimba mwekundu. Harufu msiulize. Daktari kamwona leo, kasema mara nyingi ni mifupa migumu, na mimi ndiye niliyekuwa nampa nikidhani namfurahisha. Kapewa dawa, Alhamisi anang'olewa kwa nusu kaputi. Kuna la kujiandaa?

Mfuga Kimya: Muulize daktari saa ngapi aache kula kabla. Akirudi atakuwa anayumba, mtandikie chini, asipande kochi akaanguka. Chakula laini siku kadhaa.

Bibi Shamba: Na mtoto ampungie mkono kwa mbali tu, mpaka Kipusa amfuate mwenyewe.